Linki ya bure, boksi la magendo au leseni ya baa: pambano la kulipia mbele ya sheria ya Marekani

Muulize mwenye mgahawa wa nyama choma huko Texas au Ohio ni nani aliye hatarini zaidi usiku wa pambano kubwa la ngumi. Atakutajia kijana aliyejifungia chumbani na linki ya wizi. Kwa sheria ya Marekani aliye hatarini zaidi ni yeye mwenyewe, hata kama amelipa kwa kadi yake, risiti anayo, na linki ya wizi hajawahi kuifungua. Kosa lake ni moja: alinunua pambano kwa bei ya kutazama nyumbani tu, akaliwasha mbele ya wateja.

Wanaouliza "kustrimu ni kosa au si kosa?" huwa wanachanganya mambo manne ambayo sheria inayapima kwa mizani tofauti: kutazama, kuonyesha, kuwarushia wengine, na kuuza. Hapa chini tunayaweka sambamba. Tunaanza na Marekani, kwa sababu ndiko kesi za mapambano ya kulipia zilikojaa mahakamani na ndiko jamaa zetu wengi wamefungua migahawa na kumbi. Uingereza, Italia na nyumbani Afrika Mashariki tutapitia baadaye.

Kutazama nyumbani kwa linki ya bure

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inampa mwenye kazi, yaani mwenye filamu, wimbo au matangazo ya pambano, haki ya kuionyesha hadharani. Mtu anayetazama sebuleni na mkewe haonyeshi hadharani. Kinachobaki kuwa kosa ni kunakili, maana kifaa chochote kinachostrimu huhifadhi vipande vidogo vya picha kabla ya kuvionyesha. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 2, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho, katika kesi ya kampuni ya kebo ya Cablevision, iliamua kwamba vipande vilivyokaa kwenye mtambo kwa sekunde 1.2 tu havikudumu kiasi cha kuitwa nakala. Kesi ile haikuhusu linki za wizi, lakini inaonyesha kwa nini mawakili wa wenye haki hawakimbilii kumshtaki mtazamaji mmoja mmoja: hoja ni nyembamba, na kumtafuta mtu nyuma ya anwani ya intaneti ni gharama.

Hilo halifanyi linki kuwa halali. Linaifanya iwe hatari ndogo kisheria, huku hatari kubwa ikiwa ile nyingine: matangazo yanayojifungua yenyewe, vitufe vya kucheza vya uongo, na "programu ya kutazamia" inayokuomba ruhusa za simu nzima.

Vitisho vipo. Tarehe 17 Aprili 2021 Jake Paul alipigana na Ben Askren, na pambano liliuzwa dola 49.99. Baadaye kampuni ya Triller, iliyoliandaa, iliwatangazia waliotazama kwa wizi kwamba walipe hizo dola 49.99 kabla ya tarehe 1 Juni, la sivyo wadaiwe hadi dola 150,000. Namba hiyo ya pili iko kweli kwenye sheria, lakini ni kilele cha fidia kwa kazi moja iliyokiukwa kwa makusudi. Si bei ya kutazama raundi moja, maana pambano lenyewe liliishia raundi ya kwanza.

Kuna tofauti moja ambayo watazamaji wengi hawaijui, nayo inabadilisha hesabu yote. Linki za kawaida hukuletea picha tu. Linki za Ace Stream zinafanya kazi kwa mtindo wa torenti: wakati unapokea vipande, kompyuta yako inavituma kwa watazamaji wengine, na anwani yako ya intaneti inaonekana na kila aliye kwenye kundi, akiwemo mpelelezi wa mwenye haki. Hapo umeshaanza kusambaza. Hoja ya sekunde 1.2 haikusaidii tena.

Boksi na usajili wa bei chee

Boksi lenyewe ni kompyuta ndogo inayounganishwa na televisheni, na kulimiliki si kosa. Kosa liko kwenye usajili uliopakiwa ndani yake, ule wa chaneli elfu kadhaa kwa dola 10 au 15 kwa mwezi. Anayelinganisha boksi na linki ya bure huangalia ubora wa picha, akasahau kwamba linki haina risiti. Boksi linayo. Jina, barua pepe na malipo yako vimo kwenye daftari la muuzaji, na siku akikamatwa daftari linaenda naye.

Hili limeshatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya setilaiti ya DirecTV ilipata orodha za wateja wa wauza vifaa vya kuchezea kadi za ving'amuzi, ikawaandikia watu wa majumbani barua za kudai takriban dola 3,500 kila mmoja, na maelfu wakashtakiwa. Wengine walikuwa wamenunua kifaa kwa kazi halali kabisa. Walilipa hata hivyo, kwa sababu wakili angewagharimu zaidi.

Lakini anayepaswa kukosa usingizi ni yule jamaa anayewawekea waumini na majirani maboksi kwa dola 100 kila moja. Kifungu cha 605 cha Sura ya 47 ya sheria za shirikisho kinamweka muuzaji wa vifaa vya kuibia mawimbi kwenye fidia ya dola 10,000 hadi 100,000 kwa kila kifaa. Maboksi 10 yanampa faida ya mia kadhaa, na hukumu isiyopungua dola 100,000. Juu ya hapo, tangu tarehe 27 Desemba 2020 kuna sheria ya jinai dhidi ya wanaoendesha huduma ya kustrimu kazi za wizi kwa faida: kifungo hadi miaka 3, hadi 5 kama kazi ilikuwa bado inaandaliwa kutolewa kwa umma, na hadi 10 kwa anayerudia. Sheria hiyo haimlengi mtazamaji. Mwaka 2021 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki mwendeshaji wa tovuti iliyouza mechi za ligi kubwa za Amerika Kaskazini (MLB, NBA, NFL na NHL) bila idhini, naye akaishia kifungo cha miaka 3.

Kwa mgeni asiye raia, hukumu ya jinai inaweza kugusa hadhi yake ya uhamiaji. Hukumu ya madai, ile ya kulipa fidia, haihesabiwi kuwa hatia ya jinai. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aache biashara ya maboksi.

Umelipia nyumbani, umeonyesha baa

Hapa ndipo watu wema huangukia. Pambano huuzwa mara mbili: haki za majumbani kwa kampuni moja, haki za baa, migahawa na kumbi kwa nyingine. Kampuni kama Joe Hand Promotions ya Pennsylvania hununua haki za kumbi peke yake na kuziuza upya, na kesi zake dhidi ya baa zimejaa katika mahakama za shirikisho. Mayweather na McGregor walipopigana Agosti 2017, bei ya nyumbani ilikuwa dola 99.95 kwa picha kali. Baa haikuwa na ruhusa ya kutumia bei hiyo, hata ikiwa na wateja watano.

Fidia hupangwa na kifungu anachotumia mdai:

| | Kifungu 605 (setilaiti) | Kifungu 553 (kebo) | Hakimiliki, kifungu 504 |
|---|---|---|---|
| Fidia ya msingi | dola 1,000–10,000 | dola 250–10,000 | dola 750–30,000 kwa kazi |
| Kwa makusudi | nyongeza hadi 100,000, kama ni kwa faida | nyongeza hadi 50,000, kama ni kwa faida | hadi 150,000 |
| Hukujua wala hukuwa na sababu ya kujua | inaweza kushuka hadi 250 | inaweza kushuka hadi 100 | inaweza kushuka hadi 200 |
| Gharama za wakili wa mdai | lazima ulipe | jaji akiamua | jaji akiamua |

Tazama mstari wa tatu. "Sikujua" hakukuondolei kosa. Kunapunguza bei tu. Tazama na wa mwisho, maana mara nyingi ndio unaouma: fidia ya dola 2,000 inaweza kuambatana na ada ya wakili inayoizidi.

Mdai kwa kawaida hutaja vifungu vyote kisha hulipwa kwa kimoja. Kama picha ilikuja kwa intaneti na si kwa dishi wala kebo, mahakama hazijakubaliana iwapo 605 na 553 vinahusika, na ndiyo sababu siku hizi hakimiliki hutajwa pia. Wakili anayejua kazi yake huanza kwa swali hilo: picha ilipita wapi?

Ushahidi hukusanywa kimyakimya. Usiku wa pambano mpelelezi huingia kama mteja, hununua soda, huhesabu vichwa mara mbili au tatu kwa nyakati tofauti, huhesabu televisheni na ukubwa wake, huandika raundi gani ilikuwa ikiendelea na mabondia walivaa bukta za rangi gani, kisha hupiga picha mlango na namba za magari yaliyoegeshwa. Akilipishwa kiingilio, huandika kiasi. Hati hiyo ya kiapo ya kurasa mbili ndiyo kesi nzima. Majaji wengi huanza na bei ya leseni ambayo baa ingelipa, kisha huizidisha mara mbili au tatu. Kiingilio, bango la "leo ngumi laivu" Facebook, kupandisha bei ya bia, au kuwahi kushtakiwa kabla, vyote husukuma kizidisho juu.

Kampuni ya dhima yenye mipaka, ile ya LLC, haimkingi mwenyewe. Mdai humshtaki na mtu aliyeandikwa kwenye leseni ya pombe, akidai kwamba alikuwa na uwezo wa kusimamia ukumbi na alifaidika moja kwa moja. Mara nyingi hoja hiyo hupita.

Wengine hujitetea kwa msamaha wa "televisheni ya kawaida ya nyumbani" ulio katika kifungu cha 110(5) cha sheria ya hakimiliki, ule unaozungumzia futi za mraba 3,750 na televisheni zisizozidi inchi 55. Vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya muziki unaosikika kwenye matangazo ya kawaida ya redio na televisheni. Havigusi pambano la kulipia.

Na ukumbi wa kanisa, au nyumba ya jamaa ambako watu 60 wamechanga dola 5? Sheria inaita hadharani mahali ambapo wamekusanyika watu wengi walio nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na marafiki wake. Shemeji, binamu na majirani wanane sebuleni wamo ndani ya mzunguko huo. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya ya jimbo zima linautoa mkusanyiko nje yake.

Leseni ya biashara

Bei hupangwa kwa idadi ya watu ambayo zimamoto wameruhusu ukumbini, si kwa waliokuja. Ukumbi wa watu 100 ukijaza 30, unalipia 100. Kwa ukumbi mdogo na pambano la kawaida zungumzia mamia ya dola. Kwa pambano kubwa, maelfu. Mgahawa wa viti 40 utapata shida kurudisha pesa hiyo kwa kuuza mishikaki, na kwa wengi wa ukubwa huo ushauri wetu ni mmoja: usionyeshe. Weka mechi za ligi zilizomo kwenye akaunti yako ya biashara, usiku wa ngumi upike pilau.

Ukiamua kununua, fuata utaratibu huu. Kwanza tafuta ni nani mwenye haki za kumbi kwa pambano hilo hasa, maana hubadilika kutoka promota hadi promota. Pili, mpe cheti cha idadi ya watu kilicho ukutani, si makadirio yako. Tatu, hakikisha jina na anwani kwenye mkataba vinafanana na vya leseni ya pombe. Nne, hakikisha akaunti ya setilaiti au kebo ni ya biashara. Mafundi wengine husajili baa kama nyumba ili wamalize haraka, na wewe hutajua mpaka wito uje. Lipa siku kadhaa kabla, na hifadhi karatasi zote kwa miaka mitatu angalau.

Kama kampuni ya kebo ndiyo iliyokuuzia pambano huku ikijua uko baa, iombe iandike hivyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5, inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi, ilifuta hukumu dhidi ya baa ya Texas: ilisema kifungu cha 605 hakihusu kebo, na chini ya 553 idhini ya mwendesha kebo ni utetezi. Bila karatasi, idhini hiyo ni maneno yako dhidi ya yao.

Kwa wapenzi wa UFC, ligi ya ngumi mchanganyiko, mambo yamebadilika. Agosti 2025 ulitangazwa mkataba wa miaka 7 wa dola bilioni 7.7 unaohamishia mapambano yake Marekani kwa huduma ya kustrimu ya Paramount+ kuanzia 2026, bila malipo ya pambano moja moja. Nyumbani hilo linaua sababu kuu ya kutafuta linki. Baa isidanganyike: usajili wa nyumbani ni wa nyumbani.

Kurusha laivu kwa simu

Kati ya njia zote za mtu asiye mfanyabiashara, hii ndiyo mbovu kuliko zote. Mtu amenunua pambano kihalali, anaelekeza simu kwenye televisheni na kufungua laivu ya Facebook au TikTok ili "ndugu zangu wa nyumbani nao waone". Hapo amesambaza kazi ya mtu kwa umma, na hoja za mtazamaji wa sebuleni hazimhusu tena. Akipokea zawadi za mtandaoni zenye thamani ya pesa wakati wa laivu, ameongeza na faida.

Kumpata ni rahisi. Waandaaji huchomeka alama kwenye picha, nyingine zinaonekana kama namba inayowaka kidogo na kupotea, nyingine jicho halizioni, na alama hiyo inataja akaunti iliyonunua. Wenye haki hujipanga mapema: sheria ya Marekani inaruhusu kutoa notisi ya saa 48 kabla ya tukio la laivu, kisha kusajili hakimiliki ndani ya miezi 3 baada yake.

Nchi nyingine kwa kifupi

Uingereza inamgusa mtazamaji kuliko Marekani. Kifungu cha 297 cha sheria ya hakimiliki ya 1988 kinafanya kupokea kipindi kwa udanganyifu ili kukwepa malipo kuwa kosa la jinai lenye faini. Wauzaji ndio wanaofungwa: Mei 2023 watu watano wa huduma ya Flawless, iliyokuwa na wateja 50,000, walihukumiwa jumla ya zaidi ya miaka 30 katika kesi iliyofunguliwa na Premier League yenyewe, na kinara alipata miaka 11. Kwa baa, kampuni ya televisheni ya kulipia ya Sky huweka alama ya glasi ya bia pembeni mwa skrini kwa akaunti za biashara. Mkaguzi akiingia asiione, hahitaji kuuliza swali.

Italia ndiyo nchi ambayo mtazamaji wa kawaida anapaswa kuiogopa. Sheria namba 93 ya 2023 inaagiza linki kufungwa ndani ya dakika 30 kupitia mfumo wa Piracy Shield, na faini ya mtazamaji inafika euro 5,000. Mwaka 2025 polisi wa fedha walianza kuwatoza wateja wa usajili wa wizi euro 154 kila mmoja. Majina waliyatoa kwenye daftari la muuzaji, kama tulivyosema juu ya boksi. Mfumo wenyewe una makosa yake: Oktoba 2024 ulifunga kwa saa kadhaa anwani ya Google Drive.

Kenya imeelekeza nguvu kwa watoa huduma za intaneti: marekebisho ya 2019 ya sheria ya hakimiliki yanawataka wazuie maudhui ndani ya saa 48 za kazi baada ya notisi sahihi. Tanzania, kifungu cha 24 cha sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kinatenganisha ukiukaji wa kibiashara na usio wa kibiashara, na wa kibiashara adhabu yake ni kali zaidi. Mwenye kibanda umiza anayetoza kiingilio kwa king'amuzi cha kifurushi cha nyumbani yuko upande huo wa kibiashara, hata akitoza shilingi 500.

Barua ikifika

Ya kwanza huwa ni barua ya wakili yenye kiasi cha kumalizana. Si amri ya mahakama, na kiasi hicho hujadilika, hasa ukionyesha ukumbi mdogo, wateja wachache na kutokuwa na kiingilio. Angalia tarehe ya pambano. Kwa hakimiliki ukomo wa kufungua kesi ni miaka 3. Kwa 605 na 553 mahakama huazima ukomo kutoka sheria nyingine, hivyo California ni mwaka 1, Pennsylvania miaka 2, Texas miaka 3. Usifute picha wala mabango ya Facebook baada ya kuipokea, kwani kufuta ushahidi ni tatizo jipya.

Wito wa mahakama ni kitu kingine. Una siku 21 za kujibu tangu ukabidhiwe. LLC haiwezi kujiwakilisha, lazima iwe na wakili, na hapa ndipo wengi hupotea: mwenyewe anaandika barua nzuri ya kujieleza, jaji anaikataa kwa upande wa kampuni, siku zinapita, hukumu inatoka bila kusikilizwa, kisha akaunti ya benki inazuiwa. Hukumu nyingi za namna hii zilitolewa wakati mdaiwa hakufika kabisa.

Matapeli nao huandika barua za aina hii. Kabla ya kulipa, tafuta jina lako au la biashara kwenye PACER, mfumo wa kumbukumbu wa mahakama za shirikisho. Ukurasa ni senti 10, na hati moja haizidi dola 3.